Milango Imepanga Foleni

Kama gazeti la wiki iliyopita ulilifungia samaki kabla hujafika ukurasa wangu, usihangaike kulitafuta. Nitakuambia kwa kifupi tulipoachana.

Mimi ni Fulgensi, Mngoni niliyekulia upande huu wa Lupiro katikati ya Wapogoro. Nilikuwa na kazi kivukoni, nikaipoteza kwa ajili ya mbuzi aliyeruka majini, na hiyo mmeshaicheka vya kutosha. Nilichoambulia ni mbao za pantoni iliyokufa. Nikazigongagonga mpaka zikawa mlango mpana, mlango wa mbao pekee kijijini kwetu. Wenzangu wote walikuwa na milango ya matete.

Mke wangu Klementina alikuwa na mimba kubwa. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa nyumbani, akatoka kimya, tukamzika kimya. Safari hii Klementina alisema neno moja, wala hakulirudia: "Huyu nitajifungulia dispensari."

Sasa dispensari yenyewe mnaijua. Dawa za Serikali zilikuwa zikifika kama mgeni mwenye haraka, hata maji hazinywi. Ndipo mwaka ule wa hamsini na sita Baraza likapitisha mpango mpya. Kila nyumba itoe debe moja la mpunga wakati wa mavuno. Mpunga uuzwe Ifakara, zinunuliwe dawa, mkunga naye aajiriwe. Nyumba iliyotoa debe itatibiwa mwaka mzima bila kudaiwa kitu. Isiyotoa ijitibu yenyewe. Na alama ya aliyetoa ni mstari wa chokaa mlangoni, maana chokaa hata asiyejua kusoma anaiona.

Kazi ya kukusanya madebe nikapewa mimi. Jumbe Eustaki alieleza bila kuficha. Mpogoro akimdai Mpogoro mwenzake mpunga, watanuniana mpaka wazikane. Lakini Mngoni ni mtani wao. Mtani akiingia kwako akabeba jogoo, unacheka. Ukikasirika, wewe ndiye uliyeharibu.

Mshahara wangu haukuwa fedha. Ulikuwa mstari wa chokaa wa bure mlangoni kwangu, na mstari huo ndio kitanda cha Klementina.

Wiki jana niliwaacha nimeshika ndoo, nauchora mstari huo wa kwanza, mnene, kutoka juu mpaka chini. Klementina akaugusa, kiganja kikawa cheupe. Akasema chokaa yetu ina maji mengi, mtu akiuegemea mlango ataondoka na mstari. Nikamjibu kwamba kazi ya mlango si kuegemewa.

Haya, tuendelee.

Madebe ya kwanza hayakunipa taabu. Yalikuja yenyewe, yakikohoa.

Mbele kabisa alikuwa Mzee Dionisi na ngiri yake ya tangu enzi za Mjerumani. Nyuma yake Brigita, mjane mwenye kifua kibovu. Akafuata Yosefina, mwenye watoto wengi hata yeye akiwaita hukosea majina, na siku zote mmoja wao ana homa. Nikapaka chokaa mpaka mkono ukachoka. Jioni nikaenda dispensari kifua mbele, nikitegemea kusifiwa.

Dresa wetu, yaani mganga wa dispensari, alikuwa Barnaba, mtu wa kuja, aliyetibu askari ng'ambo huko Bama wakati wa vita vikuu. Kaptura yake ilipigwa pasi mpaka ingeweza kusimama bila yeye. Alipenda foleni kuliko alivyopenda chakula. Akayatazama madebe, akanitazama mimi.

"Fulgensi, umeniletea wagonjwa watupu."

"Kwani hii si dispensari, Bwana Dresa?"

"Mzee Dionisi peke yake atakula dawa za madebe matatu. Ametoa moja. Hayo mawili nitayatoa wapi?"

Nikayahesabu madebe upya.

"Kwa mtu asiyeumwa. Niletee wazima."

Jamani, jaribuni wenyewe. Nenda kwa mtu mwenye misuli kama mizizi ya mkuyu, mwambie atoe mpunga wake kwa ajili ya ngiri ya Mzee Dionisi. Wote walinijibu jibu moja: nikiugua, nitatoa. Ni kama mtu anayengoja maji yamfike shingoni ndipo aanze kuchonga mtumbwi.

Kiongozi wao alikuwa jirani yangu Ponsiano. Huyu alikuwa hajameza hata kwinini tangu azaliwe. Alibeba gunia begani huku akipiga mluzi, na ukiusikia mluzi ule unajua Ponsiano anapita. Nilipomwomba debe, hakuinua hata macho kwenye jembe alilokuwa akinoa.

"Babu yako alikuja hapa kuchukua ng'ombe kwa mkuki," akasema. "Wewe umekuja kuchukua mpunga kwa ndoo. Kabila lenu linarudi nyuma."

Watu wakacheka. Nami nikacheka, maana ndiyo kanuni. Lakini kesho yake asubuhi nikajipaka majivu kichwani, nikavaa gunia, nikaenda kuketi mlangoni kwake na kuanza kulia.

Nililia kilio cha msiba hasa, kile cha mtani. Nikamtaja marehemu kwa jina na ukoo. Nikasimulia alivyokuwa na nguvu, alivyokuwa na mpunga ghalani, na alivyofariki ghafla bila kuchomwa hata sindano moja kwa sababu debe lilimshinda. Waliokuwa wakienda shambani wakasimama. Wanawake wakashikana mabega kwa kucheka, kisha wakaanza kuitikia kilio. Mmoja akaweka yai miguuni pa marehemu kama rambirambi. Mwingine akaweka muhogo. Na marehemu mwenyewe kasimama pale na jembe lake, anatetemeka kwa hasira, na hawezi kunigusa.

Kabla ya adhuhuri debe likatoka.

Nikalimwaga kwenye jamvi. Juu mpunga safi. Chini mapepe, maganda matupu yasiyo na punje, mpaka nusu. Nikachukua ndoo yangu, nikachora mlango wa Ponsiano mstari kutoka juu, nilipofika katikati nikaacha.

"Na huku chini?" akauliza.

"Huku chini ni mapepe."

Kijiji kizima kilikuja kuutazama ule nusu mstari. Tangu siku hiyo wazima wote wakatoa madebe yao, maana hakuna aliyetaka kuzikwa kabla ya siku yake. Ponsiano aliniambia kwa upole tu kwamba nimecheka mimi, na zamu yake ipo.

Mvua zikaanza. Hapo ndipo akili zetu wote zilipopimwa.

Mnajua mvua zikishika, watu wa bondeni hawakai kijijini. Kila mtu yuko shambani kwake, juu ya dungu, analinda mpunga na ndege na nguruwe. Nyumba zenye chokaa ziko kule, wagonjwa wako huku. Barnaba naye ni mgeni, hamjui mtu kwa sura. Kila aliyekuja aliapa kwamba nyumba yake ina mstari. Mwisho Barnaba akachoka, akatangaza kwamba yeye hataki viapo. Anayedai ana chokaa, amwonyeshe chokaa.

Sijui alitaka watu wafanye nini. Nadhani na yeye hakujua.

Asubuhi yake akaja Yosefina, mtoto mgongoni, mlango kichwani.

Ulikuwa mlango wake wa matete, ameung'oa na kamba zake. Akausimamisha mbele ya Barnaba, akaamkia, akangoja. Barnaba akauzunguka mlango mzima. Mstari ulikuwepo. Mtoto alikuwepo. Homa ilikuwepo. Akatibu.

Habari hiyo ilikimbia bondeni kuliko maji. Wiki haikwisha kabla foleni ya milango haijafika barabarani. Mingine imesimama, mingine imeegemezwa, Mzee Dionisi amelalia wake. Mtu mmoja wa Malinyi aliyekuwa akipita na baiskeli alishuka, akauliza mnada wa milango unafunguliwa saa ngapi. Kijijini, mbuzi waliingia nyumba waliyoitaka na kutoka walipojisikia.

Barnaba alifurahi, msidhani alichukia. Foleni ilikuwa imenyooka.

Kisha wazima nao wakaamka. Walikuwa wametoa debe, msimu unapita, na hawajaumwa kitu. Wakaanza kuja na milango yao kuomba wachomwe tu ile sindano nyeupe kama maziwa, hata ya mkono mmoja, ili debe lisipotee bure. Barnaba akawauliza wanaumwa nini. Wakajibu hiyo ni kazi yake yeye kuitafuta.

Baada yao ikaja milango ya kuazima. Barnaba, ambaye sura za watu zilimshinda, milango aliijua mmoja mmoja. Siku moja nilimkuta ameinamia mlango wa matete, anaongea nao.

"Wewe ulikuja asubuhi, ukakohoa," aliuambia. "Saa nne ukarudi unahara. Sasa unaniambia una jipu."

Ulikuwa mlango wa Brigita. Mwezi haujaisha, sindano nyeupe zikaisha.

Jumbe akaitisha baraza barazani kwake, akataka kujua msimamizi wa chokaa anasema nini. Na mimi, ndugu zangu, ukinipa watu wanaonisikiliza nakuwa kama ngoma iliyokaribia moto. Nikasimama nikatunga sheria. Mlango utatibiwa pamoja na watu wa nyumba yake tu. Kuanzia Jumamosi nitasimama mimi mwenyewe pale kuutambua. Mlango ukiazimwa, mstari unakwanguliwa. Na ili watu waone sitanii, nikatoa kisu, nikaukwangua mstari wa Brigita mbele ya wote.

Brigita hakulia. Aliniangalia mpaka vumbi la chokaa likatua.

"Nilimwazima mtoto anayehara," akasema. "Wewe ungefanyaje?"

Nikamjibu kwamba kila anayeazima anakunywa dawa ya mwenziwe, na kwamba tukimhurumia mmoja mpango wote utakufa. Lilikuwa jibu zuri, na hata leo siwezi kusema lilikuwa la uongo. Ila Mzee Dionisi, ambaye ngiri haijawahi kumnyima swali, akauliza kutoka nyuma kama sheria hii inamhusu pia mke wa msimamizi.

"Hata Klementina," nikasema, nikapandisha sauti kidogo ili nimalize vizuri. "Hata Klementina akija bila mlango wenye chokaa, Bwana Dresa amrudishe."

"Nimesikia," akasema Barnaba.

Nyumbani nilikuta wali mkavu, bila mboga. Klementina alikuwa ameshapata habari.

"Umemaliza kuwafungia wenzako," akasema. "Mimi ndiye nitakayepita hapo wa kwanza."

Nikacheka. Nikauonyesha mlango wetu, mstari wake mnene, mbao zake za pantoni. Nikamuuliza huo utakwenda wapi.

Siku ya Alhamisi niliporudi kutoka shambani, nyumba yangu ilikuwa imeachama kama kinywa cha mzee. Mlango hakuna.

Majirani, hata wale wa madunguni, walikuwa wamejaa uani, wameziba midomo kwa viganja. Wakanisimulia. Ponsiano alikuja mchana kweupe, akaung'oa mlango, akajitwisha, akaondoka nao kwenda dunguni kwake. Klementina alimwona kwa macho yake. Angefanya nini? Mtani kachukua haki yake. Nilimzika hai, kanibebea mlango, tumelipana.

Mmoja wa majirani akaongeza kwamba safari hii hakupiga mluzi. Sikulitia maanani.

Nikacheka, kwa meno tu. Klementina akaniambia niufuate mlango leo hii. Nikamweleza taratibu, kama mwalimu, kwamba mtani anayekimbilia kitu chake ameshindwa. Nitaukomboa Jumapili baada ya misa, mbele ya watu, kwa mtungi wa pombe na maneno matamu. Siku zake si bado?

Kesho yake, jua likiwa utosini, Klementina alikuwa anatwanga. Nikasikia mchi umenyamaza. Nikageuka. Alikuwa ameushikilia kwa mikono miwili, ameinama, maji yanamtiririka miguuni.

"Fulgensi," akasema, "kalete mlango."

Nilikimbia. Nilikanyaga matope, nikakanyaga mpunga wa watu, nikatukanwa na bibi mmoja ambaye sijamjua mpaka leo. Nilipofika chini ya dungu la Ponsiano nikaanza kumwita kwa majina yote mazuri ninayoyajua. Hakuchungulia. Nikapanda.

Ponsiano alikuwa amelala chali juu ya mlango wangu, amejifunika gunia miguuni, na meno yanagongana. Kifua wazi, jasho linamwagika. Yule fahali wetu alikuwa ameisha kwa homa.

"Umenizika ukawahi kidogo," akasema. "Ungengoja."

Maneno yakamtoka kwa vipande. Alikuwa ameanza kuumwa tangu Jumanne. Jumatano alijikokota mpaka dispensari na mlango wake wa nusu mstari. Barnaba akaupima kwa kidole mara mbili, akamrudisha. Akamwambia yeye hajui nusu mstari ni nini, maana hakuna nusu sindano. Basi akaja kuuchukua mstari mzima, ule wangu. Hakuwa anatania. Alitaka nduguze wambebe juu yake kesho asubuhi, akitumaini kwamba Barnaba ataukumbuka mlango na kuisahau sura, kama kawaida yake.

"Nami ningesimama pale kuutambua," nikasema.

"Ndiyo. Nilitaka nikuone utasemaje."

Nikamwambia Klementina ameanza.

Ponsiano akajiviringisha pembeni kama gogo, akauachia mlango.

"Uchukue," akasema. "Lakini mimi nafuata nyuma. Nikianguka njiani, safari hii ulie kweli."

Nikaubeba mlango kichwani na yeye, ameshavaa shati, ameshika mkanda wangu. Nyumbani tulimkuta Brigita. Ndiyo, Brigita yuleyule. Alikuwa amesikia kelele, ameshamvalisha Klementina gauni jeusi la kanisani, lile zuri, na ameita vijana wawili wa jirani. Hakuniamkia. Alishika pembe yake ya mlango, akaniuliza kama nangoja chokaa ikauke.

Tukamlaza Klementina, tukainua, tukaenda. Mvua ikaja katikati ya njia. Kwenye kijito cha kabla ya barabara maji yalitufika kiunoni, mlango ukazama kidogo, Klementina akalowa mgongo mzima. Kila uchungu ulipomshika aliniita majina ambayo Wapogoro huwaita Wangoni, na hakuwa anatania. Nyuma yetu Ponsiano alikuwa anakohoa, anaanguka, anainuka.

Tulipotokea dispensari mvua ilikuwa imekatika. Foleni ilikuwepo. Yosefina na mlango wake, Mzee Dionisi na wake, na wengine wote waliokuwa barazani siku ile. Wakavuta milango yao kando, wakatupisha.

Ndani, Mama Kandida mkunga alikuwa amekunja mikono ya gauni, maji yanachemka. Tukausukuma mlango uingie.

Haukuingia.

Mbao za pantoni zilikuwa pana kuliko mlango wa dispensari. Tukaugeuza hivi, tukaugeuza vile. Klementina akasema mtu wa kwanza kuugeuza tena atamng'ata. Barnaba akatoka nje, kaptura imenyooka, akatutazama mmoja mmoja.

"Ainuke," akasema. "Hatua mbili tu. Nami nitazame chokaa yake."

Klementina akamshika Brigita bega, akainuka. Macho yote yakashuka kwenye mlango.

Mbao tupu. Nyeusi, zilizolowa, na mchirizi wa maji meupe ukidondoka kwenye pembe. Mstari wangu mnene, kutoka juu mpaka chini, ulikuwa umekwenda.

Barnaba alipitisha kidole mahali ulipokuwa, akakitazama, akakifuta kwenye leso. Hakufurahi. Namtetea katika hilo, hakufurahi hata kidogo.

"Msimamizi," akaniambia, "mlango huu hauna mstari. Ulisema nifanye nini?"

Alijua nilivyosema. Foleni nzima ilijua. Nikisema aingie, mavuno yajayo hakuna atakayenipa hata konzi ya mpunga, na sindano nyeupe hazitarudi. Nikisema asiingie, nimemrudisha mke wangu nyumbani kwenye ule mkeka alipozaliwa mtoto wetu wa kwanza.

Ndipo nikamsikia Brigita anacheka. Alianza polepole, kifua chake kibovu kikipiga filimbi, mpaka ikabidi ajishike magoti.

"Mgeuzeni huyo mama," akasema.

Wakamgeuza Klementina. Katikati ya mgongo wa lile gauni jeusi, kuanzia shingoni, kulikuwa na mstari mweupe, umefifia lakini umenyooka.

"Na huyu naye," akasema Brigita.

Ponsiano alikuwa amejiegemeza ukutani. Akageuka mwenyewe, taratibu, akivuta shati juu. Siku nzima na usiku mzima wa jasho juu ya mlango wangu. Mgongoni mwake kulikuwa na kipande cha mstari, nacho kimefifia, nacho kimenyooka.

Barnaba akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. Niliona midomo yake ikihesabu.

"Hili ni debe moja," akasema. "Nyumba mbili. Nusu kwa nusu. Na nusu mstari nilikwisha kuukataa."

"Ukaniambia hakuna nusu sindano," akasema Ponsiano.

"Nikakuambia."

"Basi nipe nzima."

Mama Kandida akapaza sauti kutoka ndani kwamba kama watu wazima hawajamaliza, mtoto yeye anakaribia kumaliza. Barnaba hakugeuka. Alikuwa ananitazama mimi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, kaptura yake ilionekana imechoka.

"Nieleze wewe uliyetunga," akasema. "Tunatibu mlango au tunatibu mtu?"

Kabla sijajibu nikasikia mkwaruzo nyuma yangu, kama ng'ombe wanaojikuna kwenye mti. Nikageuka. Yosefina alikuwa ameutemea mate mlango wake, ameuegemea, anasugua mgongo ili chokaa imhamie. Mzee Dionisi anasugua. Mwenye chokaa anasugua na jirani yake asiye na chokaa anangoja zamu asugue. Foleni nzima, kutoka mlangoni mpaka barabarani, ilikuwa inajikuna.

Klementina alikuwa ameshika mwimo kwa mikono miwili, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

"Fulgensi," akasema, bila kugeuka, "jibu haraka."